SOMO: PIKIPIKI IKIPUNGUA NGUVU, ANZA NA OILI



Leo somo letu si juu ya sheria wala mikataba. Ni juu ya pikipiki. Huenda mwenzetu mmoja akauliza, Chama kina kazi gani na pikipiki? Jibu ni jepesi. Simama nje ya lango la shamba wakati wa kubadilishana zamu, utazame. Wachumaji wa chai wangapi, na watu wa kiwandani wangapi, wamenunua pikipiki kwa mkopo wa akiba, ili baada ya kazi wabebe abiria na kupata shilingi kidogo? Injini ikifa, mkopo haufi. Mshahara unakatwa vile vile kila mwezi, na pikipiki imelala nyumbani imefunikwa gunia.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili msiseme nawafundisha kama mtu ambaye hajaanguka.

Miaka kadhaa iliyopita, tawi letu katika mashamba ya chai upande wa Fort Portal, magharibi ya Uganda, lilikuwa na pikipiki moja ya CC 125. Ilinunuliwa kwa michango ya wanachama, na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Ikaanza kuchoka milimani. Mlima niliokuwa nikipanda kwa gia ya tatu, sasa napanda kwa gia ya pili, na juu ya injini nasikia mlio kama wa cherehani. Nikaenda kwa fundi. Hakufungua kitu, hakuuliza kitu. Alisikiliza kidogo akasema, "Pistoni na ringi zimekwisha." Nami sikumwuliza amejuaje. Tukatoa fedha za Chama, pistoni mpya ikafungwa.

Baada ya wiki tatu, asubuhi moja, nilikuwa nakwenda kwenye kikao cha kusikiliza kesi ya wachumaji saba walioachishwa kazi. Katikati ya mlima injini ikakaza, ikazima, na kiki haikushuka tena. Nilisukuma, nikaiacha kwa wenyeji, nikatembea kwa miguu. Nilipofika, kikao kilikuwa kimeahirishwa kwa mwezi mmoja kwa sababu mwakilishi wa wafanyakazi hakuonekana. Watu saba, na watoto wao, walikaa mwezi mzima zaidi bila mshahara.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu, alifungua kifuniko cha upande wa klachi. Akatoa chujio dogo la wavu ambalo oili hupita kabla ya kuingia kwenye pampu. Lilikuwa limezibwa na vipande vya gundi ya gasketi, vikachanganyika na unga wa klachi. Mtu fulani, siku za nyuma, alikuwa amepaka gundi nyingi kuzuia kuvuja, na iliyozidi ikakatika ndani. Oili ilikuwa imejaa kwenye injini, lakini juu haikufika. Chujio lile linasafishwa kwa petroli na brashi, bila kununua kitu. Sisi tulikuwa tumenunua pistoni, na sasa tulipaswa kununua karibu injini nzima.

Katika mkutano wa tawi wanachama waliniuliza fedha zao zimekwenda wapi. Walikuwa na haki kuuliza. Somo hili ndilo jibu nililojifunza.

1. OILI INAFANYA KAZI GANI?

Tuelewane kwanza kwa majina. Katika somo hili, mafuta yanayochomwa tutayaita petroli. Mafuta ya kulainisha injini tutayaita oili.

Ndani ya injini chuma kinapita juu ya chuma mara maelfu kwa dakika. Oili hukaa katikati yake ili visigusane. Tena oili huchukua joto kutoka sehemu za juu na kulishusha chini, huosha uchafu, na husaidia ringi kuziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Kwa hiyo oili mbaya huleta mambo mawili pamoja: chuma kinalika, na nguvu inapungua.

Na jambo moja wengi hawalijui. Katika pikipiki nyingi ndogo za mapigo manne, oili ni moja tu kwa injini, klachi na gia. Oili ileile inayolainisha pistoni ndiyo inayolowesha klachi. Ndiyo maana oili ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze. Oili nyingine za gari zimetiwa dawa ya utelezi ili gari lipunguze kula petroli. Dawa hiyo ni nzuri kwa gari, lakini kwa klachi ya pikipiki ni kama kupaka sabuni kwenye mikono ya mtu anayevuta kamba. Tazama kwenye chupa alama ya JASO MA au MA2. Hizo ndizo oili za klachi inayokaa ndani ya oili. Alama ya JASO MB si ya klachi ya namna hiyo.

2. TAZAMA OILI KABLA YA KITU KINGINE

Pikipiki ikipungua nguvu, usiendelee kuikamua. Zima. Injini inaweza kuvumilia plagi mbovu kwa siku nyingi. Kukosa oili haiwezi kuvumilia hata mwendo wa kutoka shambani hadi kiwandani.

Kipimo cha kwanza ni wingi. Simamisha pikipiki wima mahali pa sawasawa, si juu ya mguu wa pembeni. Iache iungurume kidogo, zima, ngoja dakika chache oili ishuke. Toa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kitoe tena usome. Aina nyingine kijiti kinakazwa kabla ya kupima, nyingine kinawekwa tu bila kukazwa. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Oili iwe kati ya alama mbili. Chini ya alama ni hatari, na juu ya alama ni kosa vile vile: oili ikizidi hupanda kwa bomba la kupumulia, huloanisha filta ya hewa, na injini huwa nzito.

Kipimo cha pili ni hali yake. Weka tone kwenye kidole au karatasi nyeupe.

Nyeusi tu: imefanya kazi yake ya kuosha. Hesabu siku zake, ibadilishe kwa wakati.

Kama chai ya maziwa: maji yameingia. Labda ulivuka mto, labda uliosha injini kwa maji ya nguvu, labda safari zako ni fupi mno na injini haipati joto la kukausha unyevu. Ibadilishe mara moja.

Nyepesi, inanuka petroli, na wingi umepanda bila wewe kuongeza: petroli inashuka ndani ya injini, mara nyingi kutoka kabureta ambayo sindano yake ya kuelea haifungi. Tengeneza kabureta kwanza, ndipo ubadilishe oili. Usiendeshe na oili hiyo, kwani imekuwa kama maji.

Inameremeta kama unga wa fedha: chuma kinasagika. Usiipande tena hadi injini ifunguliwe.

Kipimo cha tatu ndicho nilichokikosa mimi: je, oili inafika juu? Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko kidogo cha kurekebishia valvu, iwashe, iache iungurume polepole bila kuivuta. Weka uso mbali, maana oili itaruka. Unapaswa kuona sehemu za juu zinalowa. Ikipita dakika moja ni kukavu, zima. Pampu, njia ya oili au chujio lina tatizo. Mlio kama wa cherehani juu ya injini pamoja na joto kupita kawaida ni ishara hiyohiyo.

Injini nyingi ndogo zina chujio la wavu, ama chini kwenye nati ya kumwagia oili, ama nyuma ya kifuniko cha klachi. Nyingine zina pia kikombe kinachozunguka na kukusanya uchafu pembeni, na kikombe hicho hakijisafishi chenyewe. Fundi akifungua kifuniko cha klachi kwa sababu yoyote, mwambie asafishe vyote viwili mbele yako. Na akipaka gundi, ipakwe nyembamba kama karatasi.

3. JE, NI INJINI KWELI?

Oili ikiwa sawa, bado usiilaumu injini. Mfanyakazi akishtakiwa huwa tunauliza maswali kabla ya kuhukumu. Fanya vivyo hivyo.

Weka pikipiki juu ya stendi ya kati, gia iwe huru, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likiwa zito, breki imeshika au cheni imekazwa mno. Tazama upepo wa tairi pia. Tairi laini hula nguvu nyingi.

Kisha klachi. Ukipanda mlima unavuta aksileta, injini inapiga kelele kwa kasi lakini pikipiki haiongezi mwendo, basi injini ina nguvu yake ila haifiki kwenye gurudumu. Tazama kwanza kama waya wa klachi una nafasi ndogo ya kulegea kwenye mkono. Ukikazwa kabisa, klachi haishiki sawasawa. Halafu jiulize umetia oili gani.

Kumbuka na urefu wa nchi. Hewa ya juu ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kabale karibu mita 2,000. Mtu akitoka Kampala kwenda Kabale atasikia pikipiki imechoka kidogo, na hakuna kilichoharibika.

4. HEWA, PETROLI, MOTO

Injini inataka vitu vitatu kwa kipimo: hewa, petroli na moto wa plagi.

Hewa. Barabara zetu za murramu zina vumbi jekundu. Fungua filta ya hewa. Ikijaa vumbi, pikipiki hukosa pumzi, hula petroli nyingi, na hutoa moshi mweusi. Isafishe au ibadilishe. Wengine hutoa filta kabisa na kufurahi kuwa pikipiki imekuwa nyepesi. Hiyo ni furaha ya muda mfupi. Vumbi ni msasa. Likiingia kwenye silinda husaga ringi, na huko ndiko fedha zinakokwenda.

Petroli. Pikipiki ikienda vizuri kwa kilomita chache kisha ikakata pumzi, fungua kifuniko cha tangi. Ikirudi kuwa nzima, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Kama sivyo, tazama bomba la petroli, kijichujio chake, na uchafu ndani ya kabureta.

Moto. Toa plagi uisome. Rangi ya udongo mkavu ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi, petroli imezidi au hewa imepungua. Nyeusi na yenye utelezi, oili inaingia chumba cha moto. Nyeupe kama chokaa, injini inaungua kwa joto, na hewa inazidi au plagi si ya namba yake. Unapojaribu cheche, weka plagi mbali na tundu lake na mbali na petroli iliyomwagika. Watu wameungua kwa jambo hilo.

5. MOSHI UNASEMAJE?

Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi, unaokwisha injini ikipata joto, ni maji tu, usiuogope. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hapo uliza, unatoka wakati gani? Ukitoka pale unapowasha baada ya kulala usiku, au unapoachia aksileta mteremkoni, mara nyingi ni sili za valvu zimekakamaa. Ukitoka unapovuta kwa nguvu kupanda mlima, mara nyingi ni ringi au silinda. Sili za valvu ni kitu kidogo na bei yake ni ndogo. Usikubali kuuziwa pistoni kwa kosa la sili.

6. KIPIMO CHA KIJIKO

Sasa tumefika kwenye pistoni, tena tumefika kwa utaratibu. Kama bado nguvu haipo, fundi mwenye geji ya kompresheni apime jinsi silinda inavyobana hewa. Injini iwe na joto, swichi ya moto izimwe, plagi itolewe, aksileta ifunguliwe kabisa, kiki ipigwe mara kadhaa. Aandike namba na kuilinganisha na ya kitabu.

Ikiwa chini, atie kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, apige kiki mara chache ienee, apime tena. Namba ikipanda wazi, oili imeziba pengo la ringi, kwa hiyo ringi au silinda zimelika. Namba isipopanda, hewa inatoroka kwenye valvu au gasketi ya juu. Kabla ya kufungua valvu, injini ikishapoa, apime nafasi zake. Valvu iliyokazwa mno haifungi vizuri, na dawa yake ni spana na dakika chache tu. Injini zilizolaza silinda zinaweza kuchanganya kipimo hiki, maana oili hubaki upande mmoja, basi kirudiwe.

Mbele ya pikipiki ya Chama, hiki ndicho kijiko nilichopaswa kukidai.

7. PIKIPIKI ZA MAPIGO MAWILI

Bado kuna za zamani, kama Yamaha AG100, zinazohudumia mashamba. Hizi oili yake huungua pamoja na petroli, kwa hiyo moshi kidogo wa buluu ni kawaida yake. Jihadhari moshi ukipotea ghafla! Labda tangi dogo la oili limekwisha, au pampu yake imekufa, na pistoni itashika muda si mrefu. Kwa zile za kuchanganya kwa mkono, fuata kipimo cha kitabu. Kikisema moja kwa ishirini na tano, basi lita 5 za petroli zinataka mililita 200 za oili, zipimwe kwa chombo, si kwa macho.

Oili ya gia ya pikipiki hizi iko mbali. Ikipungua bila kuvuja nje, huku moshi unazidi, sili ya krenki upande wa klachi imekwisha na injini inaivuta. Na zikipungua nguvu polepole, tazama bomba la moshi. Masizi huliziba.

8. TUJILINDE

Oili ya pikipiki ndogo ni karibu lita moja. Badilisha kwa kilomita za kitabu, na ukibeba mizigo milimani au kwenye vumbi, badilisha mapema zaidi. Kama kihesabu kilomita kimekufa, andika tarehe ukutani. Nunua kwa mtu unayemjua, na chupa ukimaliza itoboe, wasije wengine wakajaza oili chafu na kuifunga upya.

Oili chafu usiimwage kwenye mfereji wa shamba wala karibu na kisima. Usiiache ikae kwenye ngozi, maana ina sumu. Na usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una gesi isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Pikipiki inapiga kelele mlimani lakini haiendi. Utatazama nini kabla ya kwenda kwa fundi?
2. Oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli. Utaanza kutengeneza wapi, na kwa nini usianze na kubadilisha oili?
3. Fundi anasema pistoni imekwisha. Utamwomba akuonyeshe nini?
4. Pikipiki ya tawi inashikwa na nani, na nani huandika tarehe ya oili? Kama hakuna, mchagueni katika mkutano ujao.

Wale wachumaji saba kesi yao ilisikilizwa baadaye, na wanne walirudi kazini. Siku hiyo nilifika mapema. Nilikwenda kwa miguu, nikaanza safari usiku.